Kitambaa cha Meza Isiyokuwepo

Pamba ikishavunwa, kwetu hailali nje. Inaingia ndani pamoja na watu. Chumba cha uani kinajazwa mpaka usawa wa dirisha, na kisipotosha inasogea sebuleni, wenye nyumba wanabanana pembeni kama wageni. Mwaka ule nilioondokewa na mtoto wa pili, nilihamia humo kwenye pamba. Hakuna aliyenituma. Mchana mmoja, jua kali, nilipanda tu juu ya lile lundo nikazama mpaka kiunoni, nikalisikia joto lake na ile harufu ya vumbi na mafuta ya mbegu, nikasema hapa hapa pananitosha. Sauti za uani zilinifikia kwa mbali: kuku, mchi kwenye kinu, mtu anafukuza mbuzi. Nikifumba macho najiona napelekwa polepole mahali fulani, na sikuwa na haja ya kuuliza ni wapi.

Mimi ni mtu wa Lingeka, Meatu, kwa watu wa ng'ombe. Niliolewa na watu wa pamba, nje kidogo ya mji wa Bariadi, ukishaiacha Somanda. Nyumbani nilifundishwa kukamua, kusuka kamba ya ndama na kunyamaza mbele ya wakubwa. Hilo la mwisho halikunishika. Nina hasira za karibu, nilizaliwa nazo. Siku ya kuniaga mama yangu alisema mdomo wangu huu utawarudishia wakwe ng'ombe wao wote wa mahari, hata yule mwenye pembe moja, na aliposema hivyo hakuwa anacheka.

Mtoto wa kwanza alitoka kabla tumbo halijaonekana. Wa pili alizaliwa kabla ya mwezi wake, akapumua asubuhi moja, mchana hakuuona. Niliumia jamani. Niliumia mpaka nikawachukia watu waliokuwa wanapita njiani wanacheka, watu wasio na kosa lolote, wanaenda zao mnadani. Majirani walikuja kunipa pole, wakakaa, wakala michembe ya viazi, wakaondoka. Mume wangu alizunguka nyumba akitafuta kitu cha kutengeneza, akatengeneza mlango ambao haukuwa umeharibika. Mimi nikapanda kwenye pamba.

Aliyekuja kunitoa ni mama mkwe wangu, na wala hakuja kunitoa. Nilimwita Mayu, kama Wasukuma tunavyomwita mama. Alikuwa mrefu, mkavu, wa maneno machache. Ukipiga magoti ukamwamkia "Mwangaluka, Mayu," anaitikia vizuri, halafu anakutazama kidogo kana kwamba kuna neno ulitaka kusema na umelimeza. Jambo hilo lilinikera sana, maana mimi sijawahi kumeza neno. Basi siku hiyo akaingia, akakaa kizingitini mwa chumba cha pamba, akanyoosha miguu, akaweka sweta mapajani na kuanza kulifumua.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka niliyozoea kuyaona na rafu tupu na muuzaji anasinzia yalikuwa yamejaa sabuni za rangi zote, na pale mnadani mitumba ilimwagwa kwenye maturubai, watu wanachakura mpaka wanagongana vichwa. Zilikuja suruali, zilikuja kofia, na yalikuja masweta mazito ya manyoya, ya watu wa nchi za barafu. Nani avae sweta la manyoya Bariadi hii? Tulicheka. Mayu akawa anayanunua. Anainamia lundo, anakamata sweta, anavuta uzi mmoja pale kwenye pindo. Ukifumuka bila kukatika analichukua, ukikatika analitupa bila hata kulitazama limefananaje. Ujanani mwake alifundishwa kufuma na masista wa parokia, lakini zile enzi za rafu tupu uzi ulipotea kabisa, akakaa miaka na miaka mikono mitupu. Sasa uzi umekuja umevaa mikono na kola.

Kutoka kule juu nilimwambia, "Mayu, tunalima pamba. Nyumba imejaa pamba mpaka hatuna pa kulala. Halafu uzi unautoa kwenye sweta la mzungu?"

"Pamba hii ina mwenyewe, ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu. "Inasubiri lori."

Ilikuwa kweli. Zamani ilisubiri chama cha ushirika, siku hizo ikawa inasubiri wanunuzi binafsi, kila mmoja na lori lake na mizani yake. Mayu akanirushia ncha ya uzi.

"Shika."

Nikashika. Yeye anafumua, mimi nazungushia uzi kwenye vidole, kidonge kinakua. Sweta lile lilikuwa la kijani. Uzi wa kufumuliwa hautoki umenyooka, unatoka na mawimbi mawimbi, kama nywele zilizotoka kusukwa, na unapopita vidoleni unatekenya. Jua lilihama kutoka kwenye miguu yake likaja kwenye mikono, likapanda ukutani. Mkono mmoja wa sweta ukaisha, ukaisha na wa pili, ukaja mgongo. Nilipoangalia nje, kuku walikuwa wanaingia bandani, na mimi nilikuwa nimekaa kizingitini karibu yake, nimeshashuka kwenye pamba bila kujijua. Niliona njaa siku hiyo. Nililiwazia sana jambo hilo, kwamba nimeona njaa.

Baba mkwe ndiye aliyenipa sindano. Kwa heshima ya wakwe hatukuwa tunaongea ana kwa ana, mimi naye. Akiwa na neno anamwambia mkewe, na mimi niko hapo hapo nasikia. Alichukua spoku ya baiskeli, akaikata, akaisugua kwenye jiwe la kunolea mpaka ikang'aa, kichwa akakikunja kidogo kama ndoano ya samaki, akampa Mayu: "Mpe huyo mkwe wako naye apunguze maneno." Mayu akanipa. Sindano hiyo ninayo mpaka leo na maneno hayakupungua.

Lakini mikono ilipata kazi. Kufuma si kazi ya akili, ni kazi ya kurudia. Unaingiza, unavuta kitanzi, unaingiza, unavuta. Mwanzoni nilikuwa nakaza uzi kwa hasira, vitanzi vinakuwa vidogo, sindano haipiti, natupa chini. Mayu anaokota, anafumua nilichofuma siku nzima bila kusema pole, ananirudishia. Wee! Nilitamani kumng'ata. Ila baada ya muda mikono ikalegea yenyewe, na mikono ikilegea na kifua kinalegea. Nilikuwa nafuma mawazo yanatoka yanaelea, nawaona watoto wangu wawili, na siwakimbii. Wanakaa hapo karibu na kidonge cha uzi. Halafu Mayu anasema mboga inaungua, nainuka.

Tulifuma vitambaa vya makochi. Usiniulize makochi gani. Nyumba nzima ilikuwa na vigoda na viti viwili vya mbao vyenye migongo ya kuvunja watu viuno, lakini kitu cha kufuma ni vitambaa vya makochi, kila mtu anajua, kwa hiyo tulifuma. Mume wangu akauliza makochi yako wapi. "Yako njiani," Mayu akamjibu. Yakiwa huko njiani, vitambaa tukavitandika kwenye redio, kwenye mtungi wa maji, kwenye vigoda. Baba mkwe akisikiliza taarifa ya habari anainua kwanza pindo la kitambaa kutafuta mahali pa kuongezea sauti, anaguna. Kimoja nilikifunga kwenye tandiko la baiskeli ya mume wangu, maua ya njano na kijani. Alikwenda nayo mjini hivyo hivyo, watu wakamzomea pale Somanda, na hakukitoa. Nilimpenda sana siku hiyo.

Pamba iliondoka na lori, ikapandwa nyingine, ikapaliliwa, ikachanua. Na kabla haijavunwa nikajua nina mimba tena.

Sikumwambia mtu. Niliacha kula matobolwa, viazi vya kuchemsha na kukausha, Mayu akaona, akanibadilishia chakula, basi. Kwao na kwetu, mimba haitangazwi, na mtoto aliye tumboni haandaliwi kitu. Haununui nguo, haushoni, hautaji hata jina la kitu chake. Mbeleko hainunuliwi mtoto hajazaliwa, wanasema, kwa sababu kuna anayesikilizaga. Ni nani huyo hawasemi, wanatazama tu pembeni. Mchungaji alilikemea hilo kanisani, padri naye kwao akalikemea, watu wakaitikia amina, wakarudi nyumbani wakanyamaza vile vile. Nami nilinyamaza. Niliogopa mpaka nilikuwa napumua kwa kuiba. Nilimtaka mtoto huyu kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikuwa na ruhusa ya kusema namtaka.

Siku zile zile Mayu akarudi kutoka mnadani na masweta meupe. Alikuwa ametembea kuyatafuta, meupe tu, laini. Akayafumua, akaosha uzi kwa maji ya vuguvugu, akauanika kivulini, akaanza kitu cha duara.

"Nini hicho, Mayu?"

"Kitambaa cha meza."

"Meza ipi?"

"Meza haikosekani."

Nilikasirika, haki ya Mungu. Mimi nimebeba roho mkononi, mtu mzima anawaza meza ambayo haipo! Makochi yasiyokuwepo yalinichekesha, ila meza hii ilinichoma. Nikasema moyoni, huyu amekwisha kukata tamaa na mimi, kaona bora apambe nyumba. Siku kadhaa nilimwamkia kwa pua. Akiniambia shika uzi, naushika kama naushikia adui.

Kisha asubuhi moja nilimkuta peke yake uani, hajaniona. Alikuwa amemaliza mzunguko mmoja. Alikiinua kile kitambaa, akakipitisha shavuni. Akakigeuza, akakipitisha hapa chini ya kidevu, kwenye ngozi laini ya shingo, taratibu, macho amefumba. Alipofika mahali fulani akasimama, akafumua vitanzi vichache, akavirudia vikiwa vimelegea zaidi.

Nani anapima kitambaa cha meza kwa shavu?

Nilirudi nyuma kwa ncha za vidole. Nilikaa jikoni moshi unanitoa machozi, na machozi mengine si ya moshi. Kumbe alikuwa anamsubiri. Alikuwa anamsubiri kuliko sisi wote, na kwa kuwa haruhusiwi kusema, anamfumia meza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimeza neno, na lilikuwa tamu. Toka siku hiyo tukawa tunakaa pamoja mchana kutwa, kitambaa kinakua kati yetu, naye ananiuliza, "Unaonaje, meza hii itapenda pindo la maua au la mawimbi?" Nami najibu, "Meza hii, Mayu, nadhani itapenda mawimbi." Tumbo linasogea ndani ya khanga. Sijawahi kuwa na siku ndefu na tulivu namna hiyo. Nikizikumbuka siku hizo ninakuwa kama niliyeziota.

Aliyetuharibia ni mume wangu kwa wema wake. Msimu ule alikuwa amepata kibarua kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, anarudi nyumbani nyusi nyeupe kwa vumbi la pamba, mzee kabla ya wakati. Kila jioni anasikia kitambaa cha meza, kitambaa cha meza. Jumamosi moja tukaona baiskeli inakuja inayumba, na nyuma yake kimefungwa kitu miguu juu. Alikishusha, akakigeuza, akakifuta kwa mkono wa shati. Meza. Ya duara, ya mninga, bado inanuka maranda ya fundi seremala wa Somanda.

"Mama," akasema, anatweta, amefurahi mpaka anatia huruma, "nimeona usije ukaaibika."

Mayu aliitazama ile meza. Aliizunguka yote. "Wabeja, baba," akamwambia, asante, kwa sauti ndogo. Baba mkwe akapatwa na kikohozi cha ghafla, akatoka nje kukohoa nyuma ya zizi, tulimsikia muda mrefu.

"Haya kitandike, tuone," mume wangu akasema.

"Bado. Hakijaisha."

Na hakikuisha. Ulipotimia upana wa meza, Mayu akaongeza mzunguko. Akaongeza mwingine. Mume wangu anakuja na kamba, anapima meza, anapima kitambaa, anakuna kichwa: "Mama, kimeshapita." Mayu anamjibu kwamba kitambaa cha meza sharti kining'inie. Majirani wakaja kuona meza, wakaisifu, wakauliza na kile kitambaa tunachosikia kiko wapi? Bado, bado. Meza ikakaa uchi katikati ya sebule, kila mtu anaigonga nyonga akipita. Nilitaka kumwambia mume wangu, na sikuweza, maana kumwambia ni kusema.

Hapo ndipo alipokuja shangazi yake, dada yake Baba mkwe, kutoka Zagayu. Mwanamke mcheshi, mzito, mdomo wake na wangu ni ndugu. Salamu yake ya mchana, "Mwadila!", ilisikika tangu barabarani. Akakaribishwa, akakaa, akapigiwa magoti, akapewa karanga, na macho yake yakaangukia kikapu cha Mayu. Akakivuta kile kitambaa. Akakitandaza mapajani. Akakibonyeza, akakinusa, akacheka kicheko chake kile cha kutikisa kiti.

"Aka! Wifi yangu, mimi si mtoto mdogo. Hii meza itanyonya mwezi gani?"

Mikono yangu yote miwili ikaenda tumboni yenyewe, na hapo ndipo nikazidi kuharibu. Mlango ulikuwa wazi. Neno lilikuwa limetoka na limefika nje, na kama kuna anayesikilizaga, basi alikuwa amelisikia. Nilihisi mtoto ametulia tuli. Shangazi mwenyewe akafumba mdomo kwa kiganja.

Mayu aliinuka. Alikichukua kitambaa kutoka mapajani mwa wifi yake bila haraka, akaenda nacho kwenye meza, akakitandika. Mara ya kwanza. Akakinyoosha pande zote, kikining'inia mpaka karibu na sakafu, cheupe, sindano imechomekwa pindoni na kidonge cha uzi kimebingirika chini ya kiti. Alifuma kile kitu miezi yote ile, alipima kila mzunguko kwa shavu lake. Akaenda jikoni, akarudi na birika la chai, jeusi kwa masizi, akalitua pale katikati. Akaweka kikombe. Akamimina. Kikombe kikajaa, akaendelea kumimina, chai ya maziwa ikafurika, ikaenea kwenye ule weupe, ikadondoka kitone kitone kwenye sakafu.

"Ni cha meza," akasema. "Wifi, kunywa chai."

Shangazi akanywa. Akakimaliza kikombe kizima. Mimi nilitazama lile doa linapanuka, na nilikuwa nataka kucheka na kulia, nikashindwa kuchagua. Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Alikitazama kitambaa, akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi na mikono yangu ilipo. Akatoka nje akaanza kupasua kuni, na kuni tulikuwa nazo tele.

Mayu alikifua kesho yake, na kesho kutwa. Masizi yalitoka, chai haikutoka. Akaendelea kuongeza mizunguko kuzunguka lile doa.

Mtoto alikuja wakati wa palizi, kabla ya mwezi wake. Asubuhi nilikuwa shambani nimeshika jembe, mchana nikawa hospitali, nimefikishwa kwa baiskeli ya mume wangu, ile yenye maua kwenye tandiko, mvua inatunyeshea. Katikati ya hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka bati linanguruma kwa mvua na mkunga ananiambia sukuma mama, nami namjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika. Wahenga walikataza kutukana wakunga na uzazi ungalipo. Mimi niliwatukana uzazi ukiwa katikati. Kisha sauti. Ndogo, kavu, kama mlango wa kabati. Msichana.

Alikuwa mdogo mno. Niliona vidole vyake na nikageuza uso. Mkunga akasema anapumua, anachotaka ni joto, mtafutieni kitu cha joto, khanga hizi zimelowa. Na hapo akaingia Mayu. Ametembea na mvua kutoka nyumbani, matope mpaka magotini, na kwapani, ndani ya mfuko wa nailoni, kikavu kabisa, kile kitambaa. Akamviringisha mtoto. Kilimzunguka, kikazunguka tena, kikazunguka tena, akabaki pua. Doa la chai likakaa mgongoni.

"Bibi, huu uzi mbona unaning'inia?" mkunga akauliza. Kidonge kilikuwa bado mkononi mwa Mayu, na sindano. "Lete nikukatie."

"Usikate. Sijamaliza."

"Kwani ni nini hiki?"

"Kitambaa cha meza."

Mkunga alimtazama. Naye alikuwa mtu wa huku huku, nadhani. Akasema, "Haya, mlazeni mtoto kwenye kitambaa chake cha meza," akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Tulikaa pale wodini siku nyingi, mvua inaanza, inaacha, inaanza. Mtoto kalazwa ubavuni kwangu. Mayu kakaa kwenye kigoda miguuni mwa kitanda, anafuma pindo, na uzi unatoka kwenye mtoto unakwenda kwenye mikono yake. Sikuwa na moyo wa kumtazama mwanangu usoni. Nilishawahi kumtazama mwingine, nikajua jinsi sura inavyokaa kichwani baadaye. Kwa hiyo nilikuwa nautazama uzi. Mtoto akivuta pumzi, kitambaa kinainuka kidogo, na uzi unatikisika. Unatulia. Unatikisika. Mayu akiona nimekaza macho, alikuwa anaacha kufuma, anaulegeza uzi ili mimi nione vizuri. Usingizi ukinichukua naota nimo kwenye pamba, nikizinduka natafuta kwanza uzi. Uko. Unatikisika.

Tukaruhusiwa. Nyumbani Baba mkwe akamwambia mkewe, nasikia, kwamba kwa haki mtoto huyu aitwe Meza, maana Wasukuma tunaita watoto kwa mambo yaliyotokea, na hapa kumetokea meza. Mayu hakucheka. Bado alikuwa anafuma. Mtoto akinyonya, uzi uko. Akilala, uzi uko. Nikimbeba kwenda dirishani, Mayu anainuka na kidonge chake ananifuata. Nikimwambia, "Mayu, pumzika," ananitazama ule utazamaji wake, na siku hizo nilikwisha kuuelewa.

Asubuhi moja nikamfungua mtoto nimwogeshe, na kitovu kikawa kimedondoka. Kilikuwa kimelala pale kwenye doa la chai, kikavu, cheusi, kidogo kama haragwe. Nilimwita Mayu. Akaja, akainama, akakitazama muda mrefu. Kwetu kitovu kikishadondoka mtoto amefika. Anaweza kutolewa nje, anaweza kuonwa, anaweza kuitwa.

Mayu alikaa chini. Alifuma vitanzi vya mwisho, akafunga fundo, akasogeza uzi mdomoni akaukata kwa meno. Kisha akaenda akafungua mlango wa mbele wote, na dirisha, jua likaingia mpaka kwenye meza. Mume wangu alikuwa uani, Baba mkwe zizini, barabarani watu wanapita na majembe. Akamchukua mtoto, akamviringisha, akasimama kizingitini, na yule mwanamke wa maneno machache akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akisema na sisi, na wapita njia, na huyo anayesikilizaga:

"Hii ni nguo ya mjukuu wangu. Niliifuma mimi. Tangu siku ya kwanza ilikuwa nguo ya mjukuu wangu."

Nililia mpaka maziwa yakamwagika. Mume wangu alisimama na shoka lake, akaitazama ile meza uchi nyuma yetu, akauliza taratibu, "Sasa na meza, Mama?"

"Meza ni ya kulia," Mayu akamwambia. "Ingieni tule."